Aliyezama hatoi ushuhuda: barua ya wazi kwa wakubwa wa Mkoa wa Mwanza

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya, Wakurugenzi wa halmashauri, Maofisa Elimu, Waheshimiwa Madiwani, na wenyeviti wa mitaa yetu.

Shikamooni. Walio wadogo kwangu, na siku hizi naona ni wengi, nawapa marahaba kabla hamjaniamkia.

Naandika nikiwa Kirumba, chumba cha uani, harufu ya dagaa ikipita dirishani kama kawaida yake. Nimefundisha hisabati shule za msingi kwa miaka 31. Nimestaafu, nakausha na kuuza dagaa, na ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani mnasoma barua ya mtu asiyejua hesabu. Aliyelizwa na matapeli wa fedha ni mwalimu wa asilimia.

Ilikuwa hivi. Kiinua mgongo kilipoingia, jirani yangu ninayemheshimu alinionyesha simu yake. Kuna mfumo, akasema, unaweka fedha, nao unakupa asilimia 10 kila wiki. Sikuingia kichwa kichwa. Niliweka laki sita kwanza nione. Wiki ilipoisha nikatoa 60,000 kwa wakala wa pale njia panda, noti halisi, nikanunulia mchele. Wiki ya pili vilevile. Wiki ya tatu nikaweka milioni nane.

Katikati ya hapo kulikuwa na semina. Ukumbi ulipambwa, kwaya iliimba, bango lilikuwa kubwa kuliko ukuta, na mgeni rasmi alitoka serikalini. Simtaji, na wala siandiki kumchongea. Nasema tu nilichojiambia nilipomwona meza kuu: mtu wa cheo kile hawezi kukaa na matapeli, lazima ofisi yake imechunguza. Miezi kadhaa baadaye, mambo yameshaharibika, nilikutana na kijana aliyekuwa akimbebea mkoba. Akaniambia mzee alikubali mwaliko kwa sababu alisikia watu zaidi ya mia nne wamejiunga, na watu wote hao hawawezi kuwa wajinga. Basi ndivyo ilivyokuwa, waheshimiwa. Sisi tulimwamini yeye, yeye akatuamini sisi, na katikati yetu hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekagua kitu chochote.

Mfumo ulizimika siku ya Jumanne. Ijumaa ndipo nilipochukua kalamu nikafanya hesabu ambayo ningemchapa mtoto wa darasa la sita kwa kushindwa kuifanya. Laki moja, asilimia 10 kwa wiki, riba ikizaa riba. Baada ya wiki 52 inakuwa zaidi ya milioni 14. Ukiiacha mwaka wa pili inapita bilioni mbili. Laki moja! Kama kingekuwepo kitu cha namna hiyo chini ya jua, benki zote za nchi hii zingefunga milango na kuhamia kwenye simu ya jirani yangu. Hesabu yenyewe ni ya dakika tano. Niliijua. Sikuifanya kwa sababu hakuna aliyenipa mtihani, na mimi, kama wanafunzi niliowalea, nilizoea kufanya hesabu pale tu mtu anapoziandika ubaoni na kusema "fanya namba moja hadi kumi".

Lakini hesabu si kosa langu kubwa. Kosa kubwa ni lile jaribio la laki sita ambalo nililionea fahari, nikijiona mtu makini. Ningejiuliza jambo moja dogo: kama hawa ni wezi, wiki ya kwanza ningeona nini? Ningeona 60,000. Kama ni waaminifu, ningeona nini? 60,000 zilezile. Mwizi na mwaminifu wote wanalipa wiki ya kwanza, kwa hiyo malipo ya wiki ya kwanza hayakunijulisha lolote kuhusu nani ni nani. Chambo nacho ni chakula halisi, ndiyo maana sangara hukimeza. Nilidhani napima, kumbe nalishwa.

Nimeshika swali hilo kama fimbo ya kutembelea tangu siku ile, na kila ninakoligusisha naona mashimo ambayo nimekuwa nikiyaruka kwa bahati tu.

Chukueni mialo yetu ya kushushia samaki. Vijana wa dagaa wana dawa ya ziwa: hirizi kiunoni, majani kwenye mtumbwi, maji ya kunyunyiza nyavu. Muulize mzee yeyote wa Igombe au Kayenze kama inafanya kazi, atakuhesabia kwa vidole watu walionusurika dhoruba wakiwa nayo. Ni kweli, walinusurika. Ila waliozama wakiwa na hirizi ileile kiunoni hawapo mwaloni kutusimulia, wala hakuna anayemuuliza mjane wao alikuwa amevaa nini. Ushuhuda wote unatoka kwa waliorudi. Makanisani ni hivyohivyo, kwenye mikeka ya kubeti ni hivyohivyo, na kwenye lile kundi langu la WhatsApp ilikuwa hivyohivyo: picha za miamala iliyofika asubuhi mpaka usiku, na aliyeuliza mbona yake haijafika aliondolewa kundini kabla ya chakula cha jioni.

Mnakumbuka 2011, kikombe cha Loliondo, ile dawa iliyosemwa inaponya magonjwa sugu. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Samunge, alitoza shilingi 500 tu kwa kikombe, na mimi siamini kwamba alikuwa mwizi. Mwizi hatozi mia tano. Nadhani aliamini kwa moyo wake wote. Ndiyo maana namtaja: si kila anayepotosha watu ana nia mbaya, na dhamira safi ya mtu haiongezi nguvu ya dawa yake. Mabasi yalijaa kutoka Mwanza. Viongozi nao walikwenda wakapigwa picha na kikombe mkononi. Binamu yangu alikwenda akiwa hoi, akarudi anatembea, tukashangilia. Hatukukumbuka kwamba mtu hufunga safari kama ile siku zile ambazo hali yake iko chini kabisa, na aliye chini kabisa ana njia mbili tu, kuinuka kidogo au kufa. Aliinuka kidogo. Akaacha dawa zake za VVU. Mwaka uliofuata tulimzika. Naye hayumo kwenye hesabu ya ushuhuda.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo mikono yangu ni mizito kuliandika.

Usukumani tunajua maana ya kuwa bibi mwenye macho mekundu: unaitwa mchawi. Sijui ni wangapi kati yenu mna mama mzazi kijijini ambaye mmemjengea jiko la nje lenye bomba la moshi. Kama mmefanya hivyo, pengine mmemwokoa na mapanga. Mwanamke akipika kwa kuni zaidi ya miaka 50 katika nyumba isiyo na dirisha, na kuni zikiisha akachoma samadi ya ng'ombe, macho yatakuwa mekundu. Ni moshi. Sasa weka swali letu hapo: kama bibi huyu ni mchawi, macho yake yatakuwaje? Mekundu, watasema. Na kama si mchawi, ila amepika ugali wa watoto wanane na wajukuu ishirini? Mekundu. Alama ileile pande zote mbili. Alama hiyo haisemi kitu chochote isipokuwa kwamba alipika. Na kwa alama hiyo bibi zetu wamekatwa usiku, wengine na watoto waliokula ugali huo.

Na nani anamtaja bibi? Mpiga ramli. Naye hataji jina, mnajua. Anasema: "Adui yako ni mwanamke, si wa mbali, mnaheshimiana, alishawahi kukupa chakula." Mteja anamalizia mwenyewe. Mwaka 1948 kule Marekani mwalimu wa saikolojia aitwaye Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 kila mmoja karatasi inayoeleza tabia yake, akawaomba waipe alama kati ya sifuri na tano kwa jinsi ilivyowalenga. Wastani ulikuwa 4.26. Kisha akawaonyesha: karatasi zote zilikuwa na maneno yaleyale, sehemu kubwa aliyatoa kwenye kitabu cha unajimu cha kununua barabarani.

Nilitaka kuona kama wazungu wale walikuwa wepesi kuliko sisi. Siku moja ya kikao cha kikundi nikawaambia kina mama nimeoteshwa, na kila mmoja nikamnong'oneza peke yake sikioni: fedha inaingia kwako lakini haikai; kuna ndugu anakuonea wivu anacheka nawe; na uliwahi kuota maji mengi. Wote kumi na mmoja walishika vifua. Mmoja alilia. Kuota maji, waheshimiwa, watu tunaoishi Kirumba! Nilipowaambia nimewanong'oneza jambo lilelile walicheka mpaka machozi, kisha wakanyamaza, kwa sababu kila mmoja alikumbuka siku alipotoa fedha zake kwa maneno ya namna hiyo.

Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli chonganishi, wakati ule wa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Niliunga mkono, na bado naunga mkono. Lakini marufuku humfukuza mpiga ramli wa leo tu. Mbinu yake inabaki, kwa sababu hakuna aliyeifumbua mbele ya watu. Mimi niliifumbua kwa dakika ishirini, bila bajeti.

Hapa kuna kitu nataka mkisikie, maana nina uhakika wengi wenu mnapita karibu nacho bila kujua. Mwanza yetu hii, ambayo nje inajulikana kwa samaki, miamba na habari za uchawi, iliwahi kuifundisha dunia namna ya kuuliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wa shirika la afya la Amref na wenzao wa London walitaka kujua kama kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye zahanati za kawaida kunapunguza maambukizi ya VVU. Walichagua jumuiya 12 za mkoa huu, za barabarani, za ndani, za pwani ya ziwa na za visiwani, wakazipanga mbili mbili zinazofanana. Sita zilianza kupata huduma iliyoboreshwa, sita zikasubiri zamu yao. Baada ya miaka miwili wakahesabu: pale palipoboreshwa, kati ya watu 1,000 ambao hawakuwa na VVU, waliokuwa wameambukizwa ni kama 12. Kwingine ni kama 19. Pungufu ya takriban asilimia 40. Matokeo yalichapishwa 1995 na ulimwengu mzima ukageukia Mwanza.

Tazameni uzuri wake. Kama wangeangalia upande mmoja tu, mtu angesimama kwenye mkutano wa hadhara akasema, "Huduma hii haina maana, watu 12 wameambukizwa!" na angepigiwa makofi. Upande wa pili ndio uliotoa maana.

Halafu sikieni yaliyofuata. Wenzetu wa Rakai, Uganda, ng'ambo ya ziwa hilihili, walijaribu kwa njia nyingine, kugawa dawa kwa watu wote nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi kama 10. Mwaka 1999 wakatangaza kwamba maambukizi hayakupungua. Hakuna aliyemwita mwenzake msaliti. Walikaa wakabishana kwa miaka kuhusu sababu: je, ni hatua ambayo ugonjwa ulikuwa umefikia, au ni namna ya kutibu? Na hapahapa kwetu, mradi wa MEMA kwa Vijana, wa kuwafundisha vijana afya ya uzazi, ulipopimwa kwenye jumuiya 20, kumi na mradi na kumi bila, ilionekana vijana wamejifunza mengi na wanajibu maswali vizuri, ila maambukizi ya VVU hayakuonyesha kushuka. Mimi kama mwalimu hilo linanichoma na kunifurahisha pamoja. Tungeulizwa sisi walimu tu, tungesema mradi umefaulu sana. Kuna watu walikuwa na ujasiri wa kupima kitu walichokipenda, na wakakubali jibu ambalo hawakulipenda. Nionyesheni ni lini mara ya mwisho halmashauri yoyote ya mkoa huu ilisoma taarifa ya mradi wake kwa namna hiyo.

Samahani, nimepandisha sauti. Narudi chini.

Mnavyojua, dagaa huvuliwa gizani. Zamani kwa karabai, siku hizi kwa taa za betri na sola. Dagaa wanaifuata taa, wanajikusanya chini yake, na wavu uko chini yao. Ila mwezi ukiwa mpevu vijana hupumzika, maana mwanga ukiwa kila mahali, taa moja haivuti mtu. Mimi siwaombi mkamate kila mwenye karabai. Hamtaweza, wanabadilisha laini na majina kila wiki. Naomba mwanga uwe mwingi.

Kwa vitendo naomba nini? La kwanza liko kwenye uwezo wenu kesho asubuhi: asiende mgeni rasmi popote panapokusanywa fedha za watu mpaka ofisi yake iwe imeona leseni na kuithibitisha kwa aliyeitoa, Benki Kuu au Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Sura zenu ni bango. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Orodha ile ingebandikwa pale Mwaloni, kwenye mlango wa choo cha kulipia ambako kila mtu husimama akisubiri zamu, ingesomwa kuliko gazeti. Sikuiona mahali popote. Sisi tulichobandikiwa ni ratiba ya ushuru.

La shule ni gumu zaidi na silifanyii ujanja. Mtaala mpya ulioanza 2024 unataja fikra tunduizi, na maneno ni matamu. Mwalimu Nyerere aliandika tangu 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba tunataka akili inayodadisi. Kati ya maandiko hayo mawili nimefundisha maisha yangu yote, na nitawaambia nilichoona. Nilikuwa na tabia ya kukosea makusudi ubaoni. Hatua ya tatu ya hesabu ndefu, naandika 7 mahali pa 9, naendelea kwa sauti ya kujiamini. Anayeona anapata pipi. Mwezi wa kwanza hakuna anayenyoosha kidole. Wanaona, nawaona macho yanavyohangaika, lakini nani atamwambia mwalimu amekosea? Mwezi wa tatu darasa zima linaniwinda kama paka. Siku moja mkaguzi akaingia, akaona kosa ubaoni na mtoto wa kike akisema "Mwalimu, hapo si kweli." Niliandikiwa kwamba nidhamu darasani ni hafifu na mwalimu ana upungufu wa umahiri. Nikaacha. Hilo ndilo kosa langu la pili, na la kwanza kwa umri.

Naogopa kwamba fikra tunduizi nazo zitageuka swali la mtihani: "Taja faida tano za fikra tunduizi." Watoto watazitaja zote tano, na jioni baba yao ataweka ada ya shule kwenye mfumo wa asilimia 10.

Kuna jambo moja sijalisema, na barua hii haitakuwa ya kweli nikiliruka. Wale kina mama kumi na mmoja wa kikundi chetu, wanaosimama juani kugeuza dagaa kwenye chanja, wote waliweka fedha kwenye mfumo ule. Hawakumfuata mgeni rasmi, wengi hawakuwepo ukumbini. Walinifuata mimi. Nilisimama kwenye kikao nikawaonyesha ujumbe wa 60,000 kwenye simu yangu na kusema, "Mimi ni mwalimu wa hesabu, nimejaribu, inalipa." Kila neno lilikuwa kweli. Mmoja alikuwa na mashaka, mdogo kuliko wote, akauliza fedha hiyo inatoka wapi hasa. Nikamjibu kwamba mambo ya mtandao hayaelezeki kirahisi. Nilimjibu vile kwa sababu swali lilikuwa zuri na mimi sikutaka kulisikia. Milioni nane zilikuwa zimeshakwenda, na masikio yangu yalikwenda nazo.

Tulipokwenda kuripoti kwenye kituo kimoja cha polisi, askari wa zamu aliita wenzake waje wamwone mwalimu aliyetaka utajiri wa haraka. Walicheka. Watatu kati yetu waligeuka mlangoni hawakuandikisha chochote. Hilo nalo lirekebisheni, maana kila anayechekwa ananyamaza, na kila anayenyamaza anaacha ushuhuda mikononi mwa wachache waliolipwa.

Kwa hiyo tumeanza wenyewe. Tumenunua kaunta buku, lipo kwenye meza ya kikundi karibu na mizani. Aliyelizwa anaandika: aliambiwa nini, na nani, aliona nini kilichomfanya aamini, na kama wangekuwa wezi angeona kitu gani tofauti. Hatuchekani. Wauza mabondo, vile vibofu vya sangara, wameanza kuja kuandika, na dereva bodaboda mmoja. Kila baraza la mtaa mnapomleta mtu kutoa ushuhuda wa mafanikio, nitaomba dakika kumi za kusoma kurasa mbili baada yake, na ninaomba mwenyekiti asininyime.

Ukurasa wa kwanza una mistari 12. Wa juu kabisa ni wangu, inayofuata ni ya kina mama wale. Mstari wa 13 tumeuacha wazi, kwa sababu yule kijana wa mkoba aliniambia na mzee naye aliweka fedha zake. Tunafungua kila Alhamisi, baada ya kupima dagaa. Anaweza kuja bila msafara.

Mwalimu mstaafu,
Kirumba, Mwanza